Kichwa Nilichokiacha Nusu

Kuna kichwa kimoja nilikiacha nusu, na nataka nisimulie mwenyewe, maana mtaani wameshakisimulia wanavyotaka wao. Wengine wanasema nilikuwa nimelewa. Pombe siigusi. Wengine wanasema mashine iliungua, na huo nao ni uongo, mashine yangu ni nzima na ndiyo ninayonyolea hadi leo. Nilikiacha kwa makusudi, mchana kweupe, upande wa kulia umetakata na wa kushoto kichaka, mwenye kichwa amekaa kwenye kiti changu ananitazama kupitia kioo. Nimenyoa watu miaka ishirini na sita, na sijawahi kuogopa kichwa cha mtu namna ile.

Nianze na mimi. Chumba changu cha kazi ni kimoja. Kina viti viwili, ila kimoja kina mguu mbovu, kwa hiyo nimekifanya cha kuwekea magazeti. Kioo kimechukua ukuta mzima, na wateja wangu wengi huongea na mimi kupitia hicho kioo, hatutazamani uso kwa uso. Nina mdomo. Mke wangu anasema hata akija mwenye upara nitampigia soga nusu saa, nimfute poda, nimuage kama nimemnyoa. Halafu nina hasira za karibu, ukinipinga napanda, ingawa sichelewi kushuka. Nayataja haya mawili, mdomo na hasira, kwa sababu yote mawili yana mkono wake katika mambo yaliyotokea.

Mwaka juzi alikuja dada mmoja, zamani alikuwa muuguzi, siku hizi anaratibu mpango wa kuwashika mkono vijana waliozidiwa na mawazo. Kila kijana anapewa mtu mzima mmoja, saa moja kila wiki kwa miezi sita, wawili tu, hakuna darasa wala mahubiri. Alikuwa anatafuta vinyozi, mafundi cherehani, mafundi viatu, watu wanaoweza kuongea huku mikono inafanya kazi, kwa sababu alisema kijana ukimkalisha na kumkodolea macho anajifunga. Tulizoea kumwita Dada Mratibu. Mimi nilijiandikisha kwa mbwembwe. Nilidhani kazi yenyewe ni kuongea, na hapo nani angeniweza?

Tulifundishwa siku tatu. Mengi nimeyasahau, mawili ninayo. La kwanza, usimtwishe kijana mizigo yako; wewe leta masikio, mdomo mwachie yeye. La pili, ukiingiwa na hofu kwamba kijana anataka kujiua, muulize waziwazi, kwa neno lenyewe, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii wazo ambalo hana, na baada ya hapo usimwache peke yake hata dakika moja. Hilo la pili tulilifanyia mazoezi, kila mtu amuulize jirani yake. Fundi cherehani aliyekaa kando yangu aliniuliza vizuri tu, macho makavu. Zamu yangu ilipofika sikulisema lile neno, nikacheka, nikasema tuendelee na mengine. Dada Mratibu aliniona, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kijana wangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anasomea umeme chuo cha ufundi, akaacha mwaka wa pili katikati, akawa mtu wa kulala mchana na kukesha macho wazi. Alikaa na mama yake, anayepiga pasi kwenye kiwanda cha dobi, na mdogo wake wa kike wa darasa la tano. Mama alichanganyikiwa kwa sababu hakuna kilichotokea. Hakufiwa, hakufeli, hakuachwa na mchumba, chakula kipo, paa halivuji. Yule mama aliniambia siku ya kwanza, amesimama mlangoni na mkoba wake, kwamba angekuwa amevunjika mguu angejua pa kumfunga. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, amemleta kwa fundi. Ndivyo nilivyosema, na leo nikikumbuka naona aibu.

Nilimbatiza Injinia. Yeye akaniita Mjomba. Kila Jumatano saa tisa alasiri nilikuwa naegemeza mlango, naning'iniza kibao cha kuonyesha nina kazi, anakaa kwenye kiti cha kunyolea, mimi najishughulisha na kutia mafuta mashine na kusafisha vichanuo. Kabla ya lolote tulikuwa na desturi ya namba. Moja hadi kumi, moyo wako leo uko wapi? Ndivyo tulivyofundishwa, na ile namba niliiandika kwenye fomu ya Dada Mratibu. Injinia alianza na mbili. Wiki iliyofuata mbili, halafu tatu, halafu mbili tena. Hakuwa mkaidi, alikuwa anajibu kila kitu kwa adabu, ila majibu yake yalikuwa mafupi na yalitoka mbali.

Kitu kimoja kilinitesa, nacho ni nywele. Alikuwa hajanyoa miezi minne alipofika, zimesokotana nyuma, na kila wiki nikimtazama kichwani mikono inaniwasha. Nilimwambia nitamnyoa bure, hata mara kumi. Akasema hapana, zina kosa gani. Basi nikawa nakaa saa nzima na kichaka kile mbele yangu na mashine iko mkononi, ni mateso kwa kinyozi.

Wiki ya kumi kidogo alinyanyuka. Feni yangu ya dari ilikuwa imekufa miaka mingi, nilikuwa naitundikia mataulo. Aliitazama muda mrefu, halafu akaniuliza kama nina ngazi. Wiki iliyofuata alikuja na mfuko wake wa vifaa, mfuko wa turubai wenye bisibisi, koleo na testa, akapanda, akafungua, akavuta waya mpya hadi kwenye swichi. Alipomaliza alinieleza kwa kirefu, maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Alisema feni na soketi ya mashine ameziweka laini moja, kwa hiyo ikizimika moja na nyingine imezimika, nisije nikahangaika kutafuta ubovu mara mbili. Akawasha, mataulo yakaruka, tukacheka wote. Namba siku ile ilikuwa nne.

Halafu nikaharibu.

Wiki ya kumi na nne mvua ilipiga tangu asubuhi, hakuja mteja hata mmoja, na Injinia aliingia ameloa akasema mbili. Alikaa kimya kuliko kawaida. Mimi kimya kinaniumiza jamani, nakiri, mtu akinyamaza mbele yangu najihisi nina deni la kumsemesha. Nikaanza kumwaga. Nikamsimulia jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mke wangu.

Nilikuwa na mteja dereva wa lori, mtanashati, kila baada ya wiki mbili yuko kwenye kiti. Ghafla akapotea miezi minne. Kumbe alikuwa anaumwa, alijificha ndani hataki kuonekana. Siku moja ndugu zake wakanipigia, niende na vifaa, amefariki na hawataki azikwe vile alivyo. Nikaenda. Nywele zilikuwa zimeshikana, mashine inagoma, ikanichukua saa mbili, mimi na yeye tu chumbani. Nikawa naongea naye kwa mazoea, namwambia geuka kidogo, inama kidogo. Nyuma ya sikio la kulia mashine ikateleza nikamkata. Nilishika pamba haraka, kama ninavyofanya siku zote. Damu haikutoka. Nikabaki na ile pamba nyeupe mkononi, na tangu siku hiyo naiota.

Injinia aligeuka kwenye kiti akanitazama mwenyewe, bila kioo. Alikuwa hajawahi. Aliniuliza kama kweli ilichukua saa mbili. Akaniuliza kama nilimlaumu yule dereva. Nami kwa sababu nilikuwa nimefunguka, nikajibu bila kupima.

"Nilimlaumu sana. Laiti angepita kwanza hapa. Angekaa kwenye kiti hiki nikamnyoa akiwa hai, hata angekufa kesho yake nisingemlaumu."

"Angepita kwanza," Injinia alisema.

"Hivyo tu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akageukia kioo. Mimi niliona tumefika mbali, nimemfungulia moyo na yeye amesikia. Usiku ule nililala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilikuwa nimetua mzigo, na sikuuliza umemwangukia nani.

Wiki mbili baadaye aliingia akasema nane. Nilidhani ananitania. Nikamuuliza tena, akasema nane, amelala vizuri, hasikii ule uzito. Na kweli uso ulikuwa umetulia, mabega yameshuka. Aliniambia ametengeneza kila kilichoharibika nyumbani, pasi, taa ya uani, mlango wa jiko uliokuwa ukilia. Amemfundisha mdogo wake kubadilisha balbu na kujua swichi kuu iko wapi, wamerudia mpaka akaweza bila kusaidiwa. Amerudisha vitabu vya chuo kwa wenyewe. Niliona ni kijana aliyeamka. Nilimsifu, nikampiga begani.

Wiki ya kumi na saba alisema tisa. Mama yake alinipigia analia kwa furaha, mwanawe ameanza kukaa naye sebuleni jioni na kumshika mkono. Aliniombea dua ndefu kwenye simu. Kichwa changu kilivimba, sitaki kuwadanganya. Nilimpigia Dada Mratibu hapo hapo, nikamwambia Injinia amepona, aandae cheti.

Akaniuliza kama amebadilika polepole au ghafla. Nikasema ghafla, ndiyo uzuri wake. Akaniuliza kama nimeshamuuliza lile swali. Nikapanda. Nilimwambia kama anataka nimharibie mtoto furaha yake aje amharibie mwenyewe, mimi namjua kijana wangu. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, nimuulize Jumatano. Nikakata simu.

Ikafika Jumatano.

Kulikuwa na jua kali, barabara nyeupe kwa vumbi, duka la vioo ng'ambo linamulika mpaka kwangu. Injinia alifika dakika kumi kabla ya saa tisa. Alivaa shati lililopigwa pasi, kazi ya mama yake, na mkononi ana ule mfuko wa turubai. Akaniamkia vizuri, nikaitikia. Akauweka mfuko juu ya magazeti, akasema nibaki nao, feni inaweza kunisumbua siku moja na ndani kuna kila kitu. Nikamwambia fundi hagawi vifaa vyake, akasema atanunua vingine. Basi nikadhani ameshapata kazi anataka kunishtukiza.

Nikamuuliza namba.

"Kumi," alisema. "Na leo ninyoe, Mjomba. Zote. Pembeni unichongee mstari."

Nilifurahi kama mtoto. Nilimfunika shuka jipya, lile la wateja wa harusi, nikaegemeza mlango, nikachomeka mashine. Swali la Dada Mratibu lilipita kichwani, nikalifukuza. Mtu yuko kumi, amekuja mwenyewe kunyoa, umuulize upuuzi? Nikaanza upande wa kulia, nikipanda kutoka kisogoni. Nywele zilikuwa zinaanguka mafungu mafungu kwenye shuka, ngozi chini yake safi, changa. Juu yetu feni inazunguka. Nilikuwa naongea, siwezi hata kukumbuka nini.

Yeye alisema nisikimbize, nifanye taratibu, nizitoe vizuri hasa za nyuma zilizoshikana.

"Ili baadaye usihangaike," akasema.

Nikacheka nikamwambia nihangaike nini, si utarudi wiki mbili zijazo nipunguze. Aliinamisha kichwa kidogo. Mashine ikaendelea. Nikafika nyuma ya sikio la kulia, nikalikunja kwa kidole gumba ili nipite, kama ninavyofanya kila kichwa. Sikio lilikuwa la moto kidogo, na chini yake niliona mshipa unapiga. Akasema bila kutikisika:

"Hapo ndipo ulipomkata?"

"Nani?"

"Dereva."

Nikasema ndiyo, ni hapo. Nikainua macho kwenye kioo. Alikuwa ananitazama kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Yule kijana alikuwa ananihurumia mimi.

"Nimepita kwanza, Mjomba," akasema. "Kama ulivyosema."

Mfuko wa vifaa. Balbu na yule mtoto wa darasa la tano. Vitabu. Mkono wa mama sebuleni. Vyote vikanijia kwa mkupuo, na nyuma yao sauti yangu mwenyewe, siku ya mvua, inajigamba kwamba mtu akipita kwanza sitamlaumu. Ningemaliza kichwa kile, ningemfuta poda, ningempa kioo kidogo ajione kisogoni, angesema asante, angetoka. Ulikuwa umebaki upande mmoja tu.

Sikuwa na akili ya kufanya jambo la maana. Nilifanya la kijinga. Nilinyoosha mguu nikauvuta waya wa mashine kwa kidole kikubwa mpaka plagi ikachomoka ukutani. Mashine ikazima mkononi.

"Umeme umekatika," nikasema.

Upepo ukaendelea kuichezea shuka. Yeye alinyanyua macho polepole, akatazama juu, akarudi kwenye kioo.

"Mjomba," akasema. "Feni inazunguka."

Laini moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyezifunga. Tukatazamana, mwongo na fundi wake. Nikasikia kile kicheko cha siku ya mafunzo kinapanda kooni, kile kile, kinataka kunitoa hapo kinipeleke kwenye mambo mengine. Nilikimeza. Niliiweka mashine chini ya kioo, nikazunguka kiti, nikapiga magoti kwenye nywele zake chini, nikamtazama uso kwa uso.

"Unataka kujiua?"

Hakushtuka. Nilitamani ashtuke, anitukane, aniulize nimetoa wapi ujinga huo. Alitazama mikono yake chini ya shuka.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Leo."

Niliinuka. Nilirudi nyuma nikajibwaga kwenye kile kiti cha magazeti, nikasahau mguu mbovu, kikaanza kuanguka na mimi na mfuko wa vifaa. Injinia alichomoa mkono kwenye shuka akanidaka. Hakuwaza, alinidaka tu kama mtu yeyote anavyomdaka mwenzake. Nikaushika ule mkono nikakataa kuuachia. Kwa mkono wa pili nikatafuta simu.

Aliniuliza kama nitamwambia mama yake. Nikasema nitamwambia yeye na Dada Mratibu, sasa hivi, na yeye anasikia. Hapo ndipo alipokasirika, na mimi nilishukuru moyoni kuona amekasirika, maana ule upole ulikuwa umenitoa jasho. Alisema aliniamini, na kwamba amekuja kunifanyia wema kabla ya kuondoka na mimi namlipa kwa kumwaibisha. Nikamwambia achukie anavyotaka. Nikamwambia nilisema uongo siku ya mvua, ningemlaumu, ningemlaumu yeye na ningejilaumu mimi mpaka nizikwe, na hakuna kunyolewa kwa mtu aliye hai kunakomrahisishia mtu yeyote kitu chochote. Nilikuwa nalia, niseme tu.

Akasimama. Ana nguvu kuliko mimi, kijana wa miaka kumi na tisa, na mlango umeegemezwa tu. Akajinasua mkono, akavua shuka, akapiga hatua mbili. Sikuwa na la kumzuia nalo.

"Utatoka na kichwa hicho?" nikamuuliza.

Alisimama. Akageuka kwenye kioo, akajiona. Kulia amependeza, mtu wa kwenda harusini. Kushoto nywele za miezi minane zimesimama kama jogoo aliyemwagiwa maji. Nje jua linawaka, barabara imejaa watu, wanafunzi wa kike wanatoka shule. Nilimwona anapima. Mtu aliyekuwa tayari kuiacha dunia nzima alishindwa kukatiza mtaa na nusu ya nywele, na sikucheka, wala hadi leo sicheki.

"Nimalizie," akasema.

"Simalizii."

"Mjomba, nimalizie niende."

"Simalizii, mwanangu. Kaa."

Feni inazunguka. Nikaishika mashine nikaitia mfukoni mwa suruali na waya wake wote unaning'inia, kama kichaa. Baada ya muda ambao sijui niupimeje, alirudi kwenye kiti akakaa, akajifunika uso kwa shuka, na chini ya shuka ile nikasikia anaanza kulia kwa sauti ndogo. Nikaegemeza bega langu kwenye bega lake. Nikapiga simu ya kwanza, halafu ya pili.

Dada Mratibu alifika baada ya dakika arobaini, anahema, viatu vimejaa vumbi. Alivuta stuli akakaa chini kidogo ya Injinia, akaanza kumuuliza taratibu maswali ambayo mimi nisingeyaweza, na alikuwa anajibiwa. Mama alikuja na aproni ya kazini, ananukia wanga na mvuke wa pasi. Alisimama mlangoni akamtazama mwanawe kichwani kabla ya kitu kingine.

"Nani amekufanya hivi?" akauliza.

Halafu akauona uso wa mwanawe, akaelewa, akajiegemeza mlangoni. Dada Mratibu alimshika.

Waliondoka naye kwenda hospitali siku ile ile, amevaa kofia yangu. Mimi nilibaki na chumba. Nilifagia zile nywele, nikashindwa kuzitupa, nikaziweka kwenye mfuko wa karatasi nyuma ya kioo. Dada Mratibu aliporudi kesho yake nilimweleza yote, kisa cha dereva, jibu nililotoa, simu niliyomkatia. Nilimwambia aniondoe kwenye mpango. Hakunipa pole wala hakunikaripia. Alisema kosa nimelifanya na nitalibeba, na swali nimeliuliza na hilo nalo nitalibeba, halafu akaniuliza nani atamtembelea Jumatano ijayo, yeye au mimi.

Nilienda mimi. Nilienda Jumatano zote. Wiki za kwanza hakutaka kuniona, nikawa nakaa kwenye benchi la korido saa nzima, nimefunga mdomo. Mke wangu alisema angetoa kitu chochote aone hiyo saa nzima ya kimya changu. Wiki ya nne Injinia alitoka mwenyewe, na dawa zake na macho mazito, akakaa upande wa pili wa benchi. Wauguzi walikuwa wamejitolea kumsawazisha kichwa. Alikataa.

Sasa yuko nyumbani, na Jumatano saa tisa anakuja. Mfuko wake wa vifaa nilimrudishia. Nywele za kulia zimeota, za kushoto zimezidi kuota, na tofauti bado inaonekana, watoto wa mtaani wanamwimbia na yeye anawatupia maganda ya karanga. Anakaa. Namuuliza namba, na ninasubiri nikiwa nimeshika ukingo wa kiti. Jumatano iliyopita alifikiri muda mrefu kweli.

"Nne," akasema.

Sijawahi kufurahia nne hivyo. Nikamuuliza kama nimalizie kichwa. Alijitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule.

"Usimalizie," akasema.

Sikumalizia. Lakini najua siku inakuja. Ataingia mlangoni na shati la pasi, atasema namba kubwa, ataniambia Mjomba, leo nimalizie. Inawezekana itakuwa siku ya furaha tupu, amepata kazi, amepata mchumba. Inawezekana isiwe. Kwa kumtazama sitajua, nilimtazama miezi minne nikiwa na kioo cha ukuta mzima na sikuona kitu. Kwa hiyo kabla sijachomeka mashine nitapiga magoti mbele ya kiti nimuulize, kwa neno lenyewe, na mlango nitakuwa nimeufunga.